Sukari yashuka mno, niachane na mpango wa mtaalamu wa lishe?

Mtulivu_Kisauni:
Assalaam aleikum wana jukwaa, na wengine habari zenu. Nina kisukari aina ya pili. Tangu Ramadhani iishe nafuata mpango wa mtaalamu wa lishe, na nimebandika sensa nyuma ya mkono, yanisomea sukari kwenye simu mchana na usiku. Matokeo ni mazuri, sikatai. Kipimo cha wastani wa miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa asilimia 9.8, sasa ni 7.1. Mahamri ya mke wangu na mbaazi za nazi yalikuwa yakinipandisha hadi 14 (mmol/L). Siku hizi nala hamri moja, mbaazi kidogo, yai na chai ya rangi bila sukari, na sipiti 9. Mchana nusu sahani ni mboga, naanza na mchicha na samaki, wali mwisho na uwe wa kiasi cha ngumi.

Taabu ni kwamba sasa yashuka. Usiku sensa yanipigia kelele, 3.5, 3.3. Nafikiria kuuacha mpango nirudi kwenye wali wangu. Mwenye kujua anishauri. Tafadhali msiniambie "rudi kwa daktari", hilo nalijua.

Mama Sharubati:
Loweka uwatu usiku, asubuhi kunywa maji yake na mbegu uzitafune. Mume wangu mashine ilikuwa haitaji hata namba, yaandika tu iko juu. Leo ala halwa harusini na hakuna anayemwuliza.

Shemeji wa Wote:
Ngumi ya nani lakini? Mimi nilicheza ndondi Tononoka, ngumi yangu yala sufuria.

Bi Mkubwa Tudor:
Mama Sharubati, kijana alalamika sukari yashuka, nawe wampa cha kuishusha zaidi. Soma swali, mamaangu.

Mwanangu Mtulivu, mimi ni nesi mstaafu. Kwanza, walalia mkono upi? Hiyo sensa haisomi damu, yasoma maji yaliyo chini ya ngozi, tena kwa kuchelewa dakika kadhaa. Ukiulalia mkono wenyewe husoma chini ilhali si kweli. Ikilia usiku, toboa kidole uhakikishe. Pili, watumia dawa gani?

Mtulivu_Kisauni:
Shukran Bi Mkubwa. Ni kweli naulalia. Usiku mmoja sensa ilisema 3.4, kidole kikasema 4.9. Dawa ni za kawaida tu.

Bi Mkubwa Tudor:
Za kawaida zina majina.

Mtulivu_Kisauni:
Metformini na glibenklamaidi. Kila moja asubuhi na jioni.

Bi Mkubwa Tudor:
Ewaa. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Glibenklamaidi ni habari nyingine: hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala, na nguvu yake hukaa mwilini masaa mengi. Dozi hiyo ulipangiwa enzi za mahamri manne. Wanga umepunguza, sukari imetulia, kidonge kiko pale pale. Kinachotaka kupunguzwa hapo si mchicha.

Sasa nijibu: mchana je? Mchana huulalii mkono. Yashuka saa ngapi, uko wapi?

Mtulivu_Kisauni:
Mchana hushuka nikiwa kazini, chakula kikichelewa. Si kila siku.

Shemeji wa Wote:
Kazi gani?

Mtulivu_Kisauni:
Kazi ya kukaa.

Shemeji wa Wote:
Hata mfungwa wa Shimo la Tewa akaa. Tumwambie Bi Mkubwa hivyo?

Bi Mkubwa Tudor:
Mwacheni. Atasema akitaka. Lakini mwanangu, ushauri wa mtu wa dukani si ushauri wa mtu anayepanda mnazi.

Mtulivu_Kisauni:
Haya. Naendesha trela, kontena za Malaba, mpakani na Uganda. Tajiri hajui nina sukari, na hatajua, kwa sababu vijana wenye leseni wamejaa pale getini wakisubiri mmoja wetu aumwe. Mtaalamu wa lishe nilimwambia nafanya biashara.

Siku moja nimeshapita Mackinnon Road, jasho lanitoka na feni yavuma, mikono yatetemeka, taa za lori la mbele nikiziona mbili mbili. Niliegesha nikala kashata. Tangu hapo nina utaratibu wangu: siku za safari sinywi vidonge, na asubuhi nagonga chapati mbili na soda. Nikiwa 12 au 13 sitetemeki, nafika. Nikirudi Kisauni nafuata mpango. Sioni ubaya wake. Bora sukari iwe juu kuliko nizimike usukani.

Ustadh_Majengo:
Subhanallah. Ndugu yangu, barabara ile ina mabasi yenye watoto. Kumficha tajiri ni jambo moja, roho za watu ni amana nyingine. Riziki haiko kwenye trela peke yake.

Mtulivu_Kisauni:
Ustadh, karo ya muhula huu utaleta wewe?

Mkaazi wa Leicester:
Mimi wa Kibokoni lakini niko Uingereza miaka mingi, naishi kwa insulini. Huku tumefundishwa hivi: kabla ya kuwasha gari upime, iwe 5 kwenda juu. Safari ndefu wapima tena kila masaa mawili. Ikiwa chini ya 4, huendeshi. Ikikushukia njiani wasimama mahali salama, wazima gari, watoa ufunguo, wala sukari, na huondoki mpaka zipite dakika 45 tangu isome sawa, kwa sababu akili huchelewa kurudi. Dereva wa lori anayetumia kidonge kama chako hutakiwa aijulishe mamlaka ya leseni. Na si kwamba wote hunyang'anywa.

Ila hiyo kashata ni makosa. Nazi ina mafuta, mafuta huchelewesha sukari. Vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya mililita 300. Ngoja dakika 15, pima. Bado chini, rudia. Ikishapanda ndipo ule chakula.

Mchokozi001:
Samahani nawaharibia maulidi. Huyu kajiunga wiki hii, uzi wake wa kwanza ni "sensa yanisomea kwenye simu". Mara ala mahamri ya mke nyumbani, mara yuko Malaba. Dereva wa trela na sensa wapi na wapi? Zile si bei ya pipi. Subirini kesho, ataweka nambari ya M-Pesa na picha ya boksi. Mumechotwa.

Mama Sharubati:
Na mimi nilishuku! Watu wa mashine hawapendi uwatu.

Shemeji wa Wote:
Kama yauzwa basi aweke na bei ya harusi.

Mtulivu_Kisauni:
Siuzi kitu. Sensa aliniletea shemeji yangu wa Dubai, zikiisha zimeisha, nitarudi kwenye kidole. Nyumbani nakaa nikingojea mzigo bandarini. Mwataka nini, picha ya leseni?

Gia_Kumi:
Ngojeni, mimi niko kwenye barabara hiyo hiyo. Bwana Mtulivu, ukitoka mizani ya Mariakani usingizi ukikushika kabla ya Voi, walala wapi, na kwa nini si pengine?

Mtulivu_Kisauni:
Maungu. Kuna wenzangu, kuna taa, na mafuta hayafyonzwi ukilala. Chakula ndio balaa. Usiku ni ugali au wali wa kujaza sahani, nyama ya mchuzi, sukuma kijiko kimoja cha kuona haya. Ukiomba mboga ziwe nyingi wakutazama hivi. Foleni ya Malaba nayo yaweza kukukuta asubuhi na kukuacha jioni hujala, kidonge kiko tumboni.

Gia_Kumi:
Huyu ni dereva. Mchokozi kalale. Pale Mtito kuna mama akikujua akuwekea kunde kando, mwambie tu. Mimi presha ilinikamata hapo hapo Mtito, nikadhani ni miraa, kumbe... hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Mchokozi001:
Sawa, ni dereva. Dereva pia aweza kuuza.

Bi Mkubwa Tudor:
Tumalize la maana. Mtulivu, hiyo 13 yako haikulindi. Sukari ikiwa juu macho huingia ukungu, wakojoa kila baada ya kilomita chache, na uzito wa usingizi waja juu yake. Umetoka shimo hili umeingia lile. Na kidonge hiki si cha kuacha leo ukakinywa kesho, kila mara mwili huukuti pale ulipouacha.

Vipo vidonge vingine ambavyo havimwangushi mtu hivyo, na daktari akijua wewe ni dereva huenda akakubadilishia. Lakini ajue. Mtaalamu wa lishe naye ajue, kwa sababu alikupangia chakula cha mtu anayerudi nyumbani saa saba mchana. Angejua ungepangiwa cha foleni: njugu, mayai ya kuchemsha, muhogo kiasi, kitu cha kutia mdomoni kila masaa machache. Wamlipa, kisha wamficha. Na sukari isikae kwenye mkoba kule nyuma, ikae mlangoni. Taniboi, yule msaidizi wako garini, ajue ilipo, na ajue ukianza kujibu mambo yasiyoulizwa akuambie uegeshe.

Mtulivu_Kisauni:
Taniboi wangu ana mdomo, Bi Mkubwa. Kabla sijafika Mazeras tajiri ashajua.

Bi Mkubwa Tudor:
Mwambie ni ya kidonda cha tumbo. Ila mahali pa sukari apajue.

Ustadh_Majengo:
Bi Mkubwa nawe!

Mtulivu_Kisauni:
Nimempigia mtaalamu wa lishe nikamweleza kazi yangu. Alinyamaza, kisha akaniambia nisipande gari hata moja kabla ya kuonana na daktari, na nimpelekee rekodi za sensa zote, na za siku za safari pia. Miadi ni Jumatatu. Mzigo wa kesho nimempa mwenzangu. Tajiri nimemwambia nina matanga Kilifi.

Shemeji wa Wote:
Matanga ya nani? Ataulizia mchango wa rambirambi, jiandae.

Mtulivu_Kisauni:
Shangazi yangu. Alikufa tangu zamani, hatagombana na mtu.