Meli za kitalii: tunalipia bandari ambazo kampuni haina wajibu wa kutufikisha

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu kwa hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kampuni za meli za kitalii huuza likizo kwa majina ya bandari: miji ndiyo inayotangulizwa kwenye matangazo, na ni kwa ajili ya miji hiyo mtu hudunduliza fedha hadi akakata tiketi. Ukisoma mkataba unaoambatana na tiketi hiyo, ambao wengi huukubali bila kuufungua, utakuta kwamba kampuni imejipa haki ya kuacha bandari yoyote, kuweka nyingine mahali pake au kupunguza saa za kukaa gatini, na kwamba abiria hana cha kudai isipokuwa, pengine, ada za bandari ambayo meli haikufika.

Hilo limenipata mimi. Bandari iliyonifanya nichague safari ile ilifutwa asubuhi kwa tangazo la kipaza sauti, abiria wakiwa tayari kushuka. Sababu iliyotolewa ilikuwa upepo, nami sigombani na upepo, kwa kuwa mahali ambapo meli hutia nanga nje na watu hushushwa kwa mashua, mawimbi ya kiasi tu yanaweza kuhatarisha maisha. Ninacholalamikia ni kilichofuata. Nilirudishiwa ada ndogo ya bandari, tena si fedha mkononi bali salio la kutumia humo humo melini, na ziara niliyokuwa nimeilipia kwa mwongozaji wa nchi kavu ikapotea yote, kwa sababu kampuni hurejesha fedha za ziara zile tu inazoziuza yenyewe. Wakati huohuo kasino na maduka, ambayo kwa kawaida hufungwa meli ikiwa bandarini, yalifanya biashara kutwa nzima. Bandari ikifutwa, abiria hupoteza siku na kampuni huendelea kuuza. Mpangilio wa namna hiyo ni dhuluma hata kama nahodha ameamua kwa nia njema kabisa.

Nauli yenyewe inayotangazwa si nauli utakayolipa. Bakshishi ya wahudumu huongezwa kwenye hesabu kila siku kwa kila kichwa, na mara nyingi watoto nao hutozwa. Intaneti, vinywaji na baadhi ya migahawa vina bei zake. Anayesafiri peke yake hudaiwa mara nyingi karibu nauli ya watu wawili, hata akilala kwenye kabini ya ndani isiyo na dirisha. Ukiugua, daktari wa melini hutoza kama hospitali binafsi, na bima nyingi za afya za nyumbani hazilipi gharama hizo, wala hazilipi helikopta endapo itabidi uondolewe baharini.

Mtu ataniambia niende mahakamani. Mahakama ipi? Meli nyingi kubwa hupeperusha bendera za Bahamas, Panama au Bermuda, yaani zimesajiliwa huko, huku mkataba ukitaja mji mmoja ambako kesi zote lazima zifunguliwe. Eulala Shute, mkazi wa jimbo la Washington, aliteleza na kuumia akiwa kwenye meli ya kampuni ya Carnival. Alipofungua kesi karibu na kwao, kampuni ilijibu kwamba tiketi yake inamtaka ashtaki Florida, upande wa pili wa Marekani, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakubaliana na kampuni. Ikiwa majeruhi alifungiwa mlango kwa maandishi ya tiketi, sijui anayedai siku moja ya likizo atasikilizwa na nani.

Mwezi Februari 2013 chumba cha injini cha meli ya Carnival Triumph kilishika moto katika Ghuba ya Meksiko, na zaidi ya watu 4,000 wakakaa siku kadhaa bila umeme wa kutosha, vyoo vikifurika, hadi meli ilipokokotwa kufika Mobile, Alabama. Mwaka huohuo chama cha kampuni hizi, CLIA, kilitoa hati ya haki za abiria inayoahidi kurejesha nauli yote iwapo safari itafutwa kwa hitilafu za mitambo, na sehemu yake iwapo itakatizwa njiani kwa sababu hiyohiyo. Ni hatua njema, lakini haimsaidii abiria ambaye meli yake ni nzima na bandari yake imerukwa. Kampuni zenyewe ndizo zilizoiandika, na pengo hilo ziliacha zenyewe.

Ninadai mambo mawili. Haki ya kuruka bandari iandikwe kwa herufi kubwa kando ya orodha ya miji, kabla mtu hajalipa; na kila bandari inayofutwa, abiria arejeshewe sehemu ya nauli inayolingana na siku aliyoipoteza, kwa fedha taslimu. Aliyewahi kulipwa zaidi ya ada ya bandari aeleze hapa alimwandikia nani, alitumia kifungu gani cha mkataba, na ilimchukua muda gani kujibiwa.