Majina ya harusi kwa mwandiko wa kalamu: Zapfino au Great Vibes?

Mpanga Herufi: Wakuu habari zenu. Nina kazi ya kadi ya harusi, na mteja anataka fonti ya mwandiko wa kalamu, ile ya kifahari yenye mikia mirefu. Nimebakiwa na mbili: Zapfino na Great Vibes. Shida ni kwamba anataka kadi nzima iwe hivyo, mpaka tarehe na ukumbi, tena majina yawe kwa herufi kubwa tupu. Nikiyapanga hayasomeki. Nikiongeza nafasi kati ya herufi ndogo, zinaachana. Nifanyeje?

Wino Mzito: Mkuu, hapo kwenye herufi kubwa usimkubalie. Zimechorwa kuanzia neno, kila moja na mkia wake unaotafuta pa kutanda. Panga M, W, A, N mfululizo uone mikia inavyopandiana. Hizo nafasi nazo ziache kama zilivyo. Kila herufi ndogo inamalizia na kimstari kinachoigusa inayofuata. Ukiisogeza kidogo tu, mwandiko umekatika.

Bi Kalamu: Zapfino naipenda sana. Hermann Zapf aliichora kutokana na mkono wake mwenyewe, ikatoka kampuni ya fonti ya Linotype mwaka 1998, na herufi moja ina maumbo kadhaa ya kuchagua. Lakini inakula nafasi: mikia inapanda na kushuka mno, kwa hiyo majina mawili yakikaa juu na chini yatagongana usipotanua mistari. Great Vibes ni tulivu zaidi, na leseni yake ya bure inaruhusu kazi za biashara. Kwa harusi, mimi ningetazama kwanza Snell Roundhand ya Matthew Carter, ya miaka ya 1960. Imefuata mwandiko wa Charles Snell, mwalimu wa uandishi wa Uingereza ya zamani, na ina heshima bila kelele.

Mpanga Herufi: Asante sana dada. Kuna jina moja lina ng' katikati. Baada ya ritifaa muungano unakatika, na mteja ameshaliona.

Fundi Chapa: Hilo linarekebishika kwa mkono. Irudishe herufi inayofuata mpaka kimstari cha g kiiguse, kisha ritifaa ipandishe ikae juu ya kiungo. Ukiridhika, geuza maandishi yawe mchoro kabla ya kupeleka kuchapa, la sivyo mashine isiyo na fonti hiyo itakubadilishia kila kitu.

Tarehe na ukumbi weka fonti ya kawaida, nyembamba, isiyoshindana na majina. Mgeni lazima asome saa kwa mtazamo mmoja. Na kama kadi ni ya rangi nzito yenye maandishi meupe, kuwa makini: wino unatambaa na kuziba vile vimistari vyembamba. Chapa nakala moja kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi ileile, umwonyeshe mteja hiyo badala ya skrini.