Tupeane uzoefu: shule na wasanii, tufanyeje ushirikiano usiishie kwenye mahafali?

Mwanamahoka
Wakuu, shule nyingi hapa Tanzania huita kikundi cha ngoma wiki mbili kabla ya mahafali. Watoto wanakariri hatua, wageni wanapiga makofi, basi. Mwakani wanaanza sifuri. Wenye kujua namna ya kuudumisha uhusiano huu mwageni nondo: mkataba, ratiba, vifaa, malipo.

Kibwebwe
Makubaliano yawe kati ya shule na kikundi, si kati ya mkuu wa shule na msanii anayefahamiana naye. Mkuu akihamishwa, yale ya mdomo yanahama naye. Ukurasa mmoja unatosha: siku na saa, nauli ya nani, vifaa vya nani, nani aruhusiwe kurekodi watoto. Sekondari ihusishe bodi, msingi kamati ya shule, na kikundi kiwe na usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa). Kila upande utoe watu wawili, ili mmoja akiugua au akipata shoo kipindi kisife. Mtoto asiachwe peke yake na mgeni, hata mgeni awe maarufu vipi. Hilo liandikwe.

Ngozi Kavu
Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi ngoma. Kuwasha moto wa nyasi na kukaza ngozi tu kunakula robo saa. Ombeni vipindi viwili mfululizo, vya mwisho wa siku, chini ya mti ulio mbali na madarasa. Mwalimu wa hesabu jirani akianza kulalamikia kelele, ratiba yenu imekwisha.

Utunzaji ndipo shule nyingi zinapoharibu. Ngoma zinatupwa stoo pamoja na mahindi ya chakula. Panya wanaanza na mahindi, wanamalizia na ngozi. Zitundikwe au zikae juu ya chaga, zisiguse sakafu ya saruji, maana unyevu unalegeza ngozi. Wakati wa kuzipasha zisisogezwe kwenye ndimi za moto: ngozi ikikauka kupita kiasi huchanika kuanzia kwenye matundu ya vigingi. Kikundi kifundishe kuwamba pia, si kupiga tu. Ngozi ya mbuzi kwa ngoma ndogo, ya ng'ombe kwa kubwa. Iloekwe usiku kucha, iwambwe ikiwa bado laini, ikaukie kivulini. Wafundisheni wa Kidato cha Pili. Wa Nne wanaondoka na ujuzi wao.

Pwani Yetu
Kwa taarabu, msianze na ganuni, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa na kudonolewa. Ina nyuzi zaidi ya 70, kuitengeneza sauti kunamaliza kipindi. Anzeni na kuimba na dumbak (ngoma ndogo ya mkono), fidla baadaye.

Rangi ya Mafuta
Wa uchoraji: mtindo wa Tingatinga unafaa sana shuleni. Mwanzilishi wake, Edward Saidi Tingatinga, mwenyewe alitumia hadibodi za dari na rangi za baiskeli. Kateni vipande vya sentimita 30 kwa 30. Makopo matano yanatosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano, buluu. Usuli upakwe leo, mnyama achorwe kipindi kijacho. Ukiharakisha rangi zinachanganyikana na kuwa tope. Kazi ifanyike nje, harufu ya tina ya kuyeyushia rangi ndani ya darasa inaumiza watoto.

Mwanamahoka
Na UMISSETA, mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, je? Msanii akitumika kuandaa timu ya mashindano?

Kibwebwe
Hapo mimi nina wasiwasi. Watoto ishirini wanapata kila kitu, mia nne wanatazama.

Ngozi Kavu
Lakini kombe ndilo linalomfanya mkuu wa shule atenge fedha, ndugu. Chukueni yote: Januari hadi Machi madarasa yote, timu ichujwe baada ya hapo.

Kibwebwe
Sawa, mradi iandikwe kwenye mkataba. Malipo nayo yawe ya kila mwezi, kwa daftari la mahudhurio lililosainiwa na mwalimu na msanii. Mkisubiri michango ya mahafali, msanii ataacha kuja kufikia mwezi wa tano.