Naombeni ushauri: tasnifu ya Vita ya Kagera imeninyima usingizi

Mwana_Kyaka: Wakuu, heshima kwenu. Nasoma uzamili wa historia. Nataka kuielewa vita yenyewe ilivyo, siyo kukariri kwamba Amin alivamia Oktoba 1978 na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Nianze na ramani na vikosi, au na wapiganaji wenyewe? Nimekwama, usiku silali.

Mzee_Raskazone: Anza na Tanga, Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walishusha askari kama 8,000 kutoka India, Mjerumani alikuwa na kama 1,000 tu. Wakapigwa, wakarudi melini wameacha bunduki na risasi pwani. Halafu wafuate wapagazi. Jina Kariakoo limetokana na kikosi chao, Carrier Corps, na wengi waliuawa na maradhi, siyo risasi. Ukiwaruka hao, hujasoma vita.

BintiMuleba: Mwana_Kyaka, ramani haimnyimi mtu usingizi. Kuna nini hujasema?

Mwana_Kyaka: Nina daftari la baba mkubwa. Alipigana Kagera.

BintiMuleba: Amekupa?

Mwana_Kyaka: Hapana. Lilikuwa kwenye sanduku la bati uvunguni. Nimepiga picha kurasa zote nikalirudisha. Msimamizi ameshapitisha pendekezo langu. Mzee ana miaka 71, akiondoka yote yanaondoka naye. Sijaiba, nimehifadhi.

Ustadhi_K: Amana haina msamiati mwingine, kijana. Umefungua sanduku la mtu mzima.

Dereva_wa_Masafa: Baba yangu alikuwa mgambo, Brigedi ya 201. Lukaya, kule Uganda, Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin waliwatawanya, kesho yake wakajipanga wakarudi kupambana. Hayo niliyasikia kwa watu wengine. Yeye mvua ya usiku ikianza kupiga bati alikuwa anatoka, anakaa barazani mpaka ikatike, mama anamfuata na blanketi. Amefariki hatukuwahi kumuuliza kitu.

Sina_Haraka: Hii chai. Umejiunga juzi, una daftari la siri, hutaji hata kikosi. Askari gani anaandika vitabu mstari wa mbele? Tupe kitu kimoja ambacho hakipo magazetini.

Chapati_Mbili: Chai bila sukari, mkuu. Nakaa pembeni nasubiri.

Mwana_Kyaka: Alikuwa stoo. Ukurasa wa 9, kwa penseli, kuna majina 14, na mbele ya kila jina namba ya kiatu. Sita yamepigwa mstari. Chini ameandika: "Viatu vimerudi jozi 2." Majina siyaweki hapa.

Sina_Haraka: Jozi 2 kati ya watu sita. Nafuta neno langu, samahani.

BintiMuleba: Babu yangu amelala Kaboya, kwenye makaburi ya askari wa vita hiyo. Hatujui alikufaje, bibi aliletewa taarifa tu. Kama jina lake ni mojawapo ya hayo sita, nataka kulisikia kwa mzee wako. Nisilikute kwenye tasnifu yako.

Mwana_Kyaka: Dada, nimekusoma. Mzee yuko Bukoba kliniki, anarudi Jumamosi. Msimamizi anataka sura ya kwanza Ijumaa.

Mzee_Raskazone: Omba wiki moja.

Mwana_Kyaka: Nilishamwambia nitaleta, na ukurasa wa 9 ndio nilioanzia.

BintiMuleba: Nimekuandikia pembeni jina la babu. Usinijibu mpaka Jumamosi.