Kitabu kinasema zimwi halina macho, picha ina macho mawili. Nimechoka!

Wakuu, salaam. Nimevumilia vya kutosha, leo naandika mpaka liishe rohoni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naendesha mchezo nyumbani kwangu, Arusha. Kwa wasiojua, ni hii michezo ya kuigiza ya mezani, ukoo wa Dungeons & Dragons: kila mchezaji ana mhusika wake kwenye karatasi, mwendeshaji anasimulia, dadu la pande 20 linaamua. Mezani tuko sita. Wawili nafanya nao kazi, mmoja jirani, yupo mdogo wangu, na yupo mpwa wangu wa miaka 16 ambaye ana mpiganaji aliyemlea tangu mwaka jana. Wakafika kwenye kinamasi. Nikafungua kitabu kipya cha mazimwi, alichonibebea shemeji kutoka Marekani (mchapishaji simtaji), nikafunika maandishi kwa daftari, nikawageuzia picha.

Picha yenyewe ni ukungu wa kijani kuanzia pembe hii hadi ile. Katikati kuna uso umeachama, meno nje, mate yananing'inia, na macho mawili ya njano yanawaka. Basi, imeisha hapo. Mikono huioni, miguu huioni, hujui kama kitu hicho kina ukubwa wa mbuzi au wa lori.

Mpwa wangu akaitazama kwa makini, kama nilivyomfundisha. Akasema, "Anko, macho yake makubwa hivyo, hili linawinda kwa kuona. Nazima mwenge, naingia majini taratibu, nalizunguka kwa nyuma." Uamuzi wa akili kabisa. Sasa yale maandishi chini ya daftari langu yanasema hivi: zimwi hili ni kipofu, halina macho, linahisi mtikisiko wa maji, lina mikono minne na mkia wenye mwiba wa sumu. Kwa hiyo mtoto ameingia majini, gizani, kwa upande wa mkia. Mwiba ukampata mara mbili, dadu limetupwa mbele ya watu wote, mhusika wa mwaka mzima amekufa palepale. Nilipotoa daftari akasoma mwenyewe neno "kipofu", akaangalia picha, akaniangalia mimi. Nikamwambia turudishe nyuma, kosa ni la kitabu. Amekataa. Anasema angeshinda kihalali au afe kihalali, hataki kuhurumiwa.

Kosa langu nalijua: nilisoma namba za zimwi tu, nikaiamini picha. Lakini jamani, kwa nini nisiiamini? Picha ya zimwi kazi yake ni nini?

Hapa ndipo penye hasira yangu. Vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, na mezani kwangu Kiingereza ni cha darasani. Kila sentensi napitia mimi kwanza, natafsiri palepale huku watu wananisubiri. Kitu pekee kwenye kitabu kizima kinachomfikia mchezaji bila kupitia mdomoni mwangu ni picha. Pale tunalingana na meza ya Wisconsin, Marekani, mchezo ulikozaliwa. Sasa picha ikidanganya, au ikikataa kusema lolote, mimi na wachezaji wangu tumelipia karatasi nzito ya kung'aa na wino.

Bibi yangu alikuwa anatusimulia hadithi za zimwi bila picha hata moja, na sote tulijua tuangalie nini. Zimwi limejigeuza kijana mtanashati, limekuja kuposa, lakini ukilifunua nywele za kisogoni kuna mdomo wa pili. Alianza na mwili. Binti wa kwenye hadithi aliyeona kisogo alipona, dada zake hawakupona. Mchezo wa mezani ni kitu hichohicho: nionyeshe kisogo, kisha niache niamue.

Na waliobuni michezo hii walilijua hilo. Dungeons & Dragons ilitoka 1974. Gary Gygax, mmoja wa waliouanzisha, mwenyewe alieleza kwamba baadhi ya mazimwi maarufu, yule bundi-dubu na yule mdudu anayekula chuma, yalitokana na vinyago vya plastiki vya bei rahisi vilivyotengenezwa Hong Kong, ambavyo walikuwa wanaviweka mezani. Yaani zimwi lilianza kama kitu unachokishika mkononi, unakigeuza, unahesabu miguu. Ndiyo maana ukiangalia Monster Manual (kitabu cha mazimwi cha mchezo huo) ya 1977, kurasa 112, michoro ya wino mweusi ya David Sutherland, David Trampier na wenzao, nyingine ndogo kama kiberiti, unaelewa. Yule mla chuma yupo pale mzima: miguu minne, mkia wenye ncha ya ajabu, na vipapasio viwili virefu mbele. Ukiviona vile vipapasio unajua ndivyo vya kuogopa. Mpiganaji mwenye deraya ya chuma ya bei mbaya anarudi nyuma kabla mwendeshaji hajafungua mdomo. Mchoro ule haukuwa mzuri wa kutundika ukutani. Ulifanya kazi.

Nisieleweke kwamba nachukia rangi, maana najua kuna watu watakuja hapa na wimbo wa "unataka ya kale". Ile Monstrous Manual ya 1993 ilikuwa ya rangi, na Tony DiTerlizzi alichora mazimwi mengi mle kwa namna ambayo mpaka leo sijaona aliyemfikia. Mwili mzima, nyuma yake karatasi nyeupe tupu, kucha unazihesabu, na bado kila moja lina tabia yake usoni. Moja lina huzuni, jingine lina ujanja, jingine limeshiba. Si kila zimwi limeachama likikutemea mate.

Hili la kuachama nalo linanikera kupita kiasi. Fungua kitabu chochote cha miaka hii, hesabu vinywa vilivyofungwa. Joka limeachama, buibui kaachama, hata mti umeachama. Simba porini hafanyi hivyo. Simba anayewinda amefunga mdomo, kainamisha kichwa, mkia umetulia, na ukikutana naye katika hali ile ndipo damu inaganda. Kama kila kitu kinapiga kelele, mchezaji atajuaje lipi limekuja kuua na lipi limetoka tu kutafuta maji?

Halafu ukubwa. Sheria zenyewe zinajali: mraba mmoja wa ramani ya mezani ni futi 5, zimwi kubwa linachukua miraba miwili kwa miwili, lililozidi hapo mitatu kwa mitatu, lile la kutisha kabisa minne kwa minne. Mambo ya maisha na kifo hayo, ndiyo yanayoamua nani anafikiwa na nani hafikiwi. Picha inakupa nini? Ukungu. Hakuna mtu kasimama pembeni, hakuna mlango, hakuna hata jiwe la kulinganisha. Monster Manual ya 2014, kurasa zake 352, picha nyingi kingo zimeyeyukia kwenye madoa ya rangi. Ya 2025 ina mazimwi zaidi ya 500, na nakiri wameweka mandhari kwenye picha nyingi, na pale mandhari inapoonyesha zimwi linafanya nini naisifu. Ila karibu dola 50 kabla ya usafiri, nina haki ya kuona miguu.

Jambo jingine ambalo wachapishaji walilijua, wakalisahau. Mwaka 1978 Tomb of Horrors, kisa kilichoandikwa tayari kwa kuchezwa, ilikuja na kijitabu cha picha peke yake, kwa ajili ya kuwaonyesha wachezaji tu! Mwaka 1989 mazimwi yalikuja kwenye kurasa zisizoshonwa, unazipanga kwenye faili, ukitaka unachomoa karatasi. Leo kila kitu kimefungwa pamoja: picha juu, namba chini, siri zote ubavuni, na mwendeshaji anahangaika na daftari na kiganja kuficha uhai wa zimwi. Mdogo wangu ana macho ya mwewe, akiona namba moja tu imekula kwetu.

Sasa kuhusu wasanii, maana sitaki lawama ziwaangukie wasiohusika. Kwa kawaida msanii hapewi maandishi yote. Anatumiwa maelezo mafupi, wakati mwingine sheria zenyewe bado zinabadilishwa, anachora alichoambiwa, analipwa, anaondoka. Aliyeandika "kipofu" na aliyechora macho ya njano inawezekana hawajawahi hata kuandikiana. Kuna mtu katikati yao ambaye kazi yake ni kuweka karatasi mbili mezani na kuzilinganisha. Dakika tano. Huyo ndiye ninayemdai.

Na hali inazidi kuharibika. Agosti 2023 ilibainika kwamba baadhi ya picha kwenye kitabu cha majitu cha Dungeons & Dragons zilikuwa zimepitishwa kwenye akili bandia. Waliogundua ni wachezaji wa kawaida, waliokaa wakakagua viungo vya mwili. Kampuni ikasema haikujua, ikaahidi kuweka wazi kwamba wasanii wake hawaruhusiwi. Kwangu mimi hapo pametosha kueleza kila kitu: watu walioagiza picha, wakazilipia, wakazipitisha, hawakuwa wameangalia miguu. Mashine haijui zimwi linasimamaje, na kama mkaguzi naye hajali linasimamaje, nani atatuambia?

Ninachotaka si kikubwa. Mwili mzima angalau mara moja kwa kila zimwi. Kitu cha kulinganisha ukubwa. Picha ikubaliane na maandishi. Na picha hizo zitolewe kando, bila namba, hata kwa faili la kupakua, niweze kuzionyesha kwa simu. Nimemwandikia mchapishaji wa kitabu changu haya yote, nimetaja ukurasa. Nimejibiwa kwamba picha ni "tafsiri ya kisanii". Nimewajibu kwamba kuna binti hapa amezika mpiganaji wake kwa tafsiri hiyo. Kimya mpaka leo.

Kama una kitabu chenye picha ambazo mezani kwako zimefanya kazi, weka hapa jina na mwaka, wa lugha yoyote, nitatafuta. Kwa sasa mpwa wangu ndiye anachora. Juzi alichukua maandishi ya lile zimwi la kinamasi, akakaa na penseli na kamusi mpaka saa nne usiku. Mikono minne, uso laini bila macho, maji yanacheza duara kuzunguka magoti, mkia umekunjwa nyuma na mwiba unaonekana. Pembeni amemchora mpiganaji wake, anafika kiunoni mwa zimwi. Nimeubandika ukurasa ule juu ya picha ya kitabu kwa gundi.