Ushauri: barua ya mchimba dhahabu na insha za darasa la sita

MwalimuWaSita: Wanajamvi, nawasalimu. Wanafunzi wangu wa darasa la sita wanaandika barua kana kwamba wao ni wachimbaji waliokwenda Johannesburg baada ya dhahabu kugunduliwa Witwatersrand mwaka 1886. Kama mfano niliwasomea barua ya kijana Mnyakyusa aliyeandikishwa na Wenela, shirika lililokuwa likiajiri vibarua wa migodi hiyo, na kupelekwa migodini mwaka 1925. Barua hiyo iliwagusa mno, hata mtoto mmoja akalia, lakini sasa kila insha inafanana nayo: vumbi, machozi na mama aliyeachwa kijijini. Nifanyeje ili kila mtoto aandike kwa sauti yake? Siku ya wazazi imekaribia, nami sipati usingizi.

BiMkubwa: Mwalimu, waache walie. Watoto wanaoona mkufu shingoni wanapaswa kujua kwamba kuna mtu aliyeuingia mwamba kwa ajili yake.

MjukuuWaJoni: Babu yangu alitoka Rungwe akaenda huko miaka ya 1950, akarudi na sanduku la bati, buti za mpira na Kifanakalo, lugha ya migodini ambayo, kwa alivyoisimulia, ilikuwa na amri nyingi kuliko salamu. Hakuwahi kulia mbele yetu. Alisimulia vitanda vya zege vya kampaundi, yaani mabweni ya wachimbaji, foleni ya chakula, na jambo moja lililotuchekesha sana: kwamba katika mkataba wake wote hakuiona dhahabu kwa macho, kwa sababu dhahabu ya kule ni chembe ndogo mno zilizofichika ndani ya mwamba mgumu, na tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu. Mpe kila mtoto kitu kimoja, taa, nyundo au pasi ya kutembelea, aanzie hapo badala ya kuanzia kwenye huzuni.

Msomaji22: Ushauri mzuri, ila mimi nina swali. Barua hiyo umeipata wapi, Mwalimu? Mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuandikisha watu wa kaskazini mwa latitudo ya 22 kusini, wakiwemo Wanyakyusa wa Tanganyika, kwa kuwa nimonia ilikuwa ikiwaua kwa wingi, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa miaka ya 1930. Ni Wenela ipi iliyomchukua Mnyakyusa mwaka 1925?

MwalimuWaSita: Huenda alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Naomba turudi kwenye swali.

Msomaji22: Kwa maneno yako mwenyewe, aliandikishwa na Wenela.

MwalimuWaSita: Basi niseme. Barua niliiandika mimi. Niliichovya karatasi kwenye chai ya rangi, nikaianika juani, nikawaambia watoto kwamba ilitoka katika sanduku la marehemu. Nia yangu ilikuwa njema, kwani kitabu cha kiada kinawapa wachimbaji hao aya mbili tu. Nimekwisha kuitia kwenye fremu ili itundikwe siku ya wazazi, na nakusudia kuwaambia ukweli baada ya hapo. Hata riwaya ni jambo la kubuni.

Kibogoyo: Chai ilikuwa na tangawizi au kavu?

BiMkubwa: Msomaji wa riwaya hajaambiwa kwamba imetoka sandukuni, Mwalimu. Yule mtoto alimlilia mtu, kumbe hapakuwa na mtu.

Mdadisi: Mimi nautilia shaka uzi wenyewe. Mwandishi amejiunga jana, siri imefichuka palepale ambapo mtunzi wa hadithi fupi angeifichua, na anayeweza kughushi barua hashindwi kughushi darasa. Nadhani sisi sote tumechovywa kwenye chai.

MwalimuWaSita: Darasa lipo. Leo nimesahihisha insha ya mtoto ambaye mwandishi wake si mchimbaji, bali ni karani wa kampaundi anayeandika kwa niaba ya mchimbaji asiyejua kusoma. Mchimbaji anamtajia kikohozi chake, naye karani analiruka jambo hilo na kuandika kwamba hajambo, kisha anamsomea barua kwa sauti na kukiongeza kikohozi kwa mdomo tu. Ningekuwa na uwezo wa kubuni hayo, barua yangu isingejaa machozi.

Mdadisi: Hapo nimenyamaza. Kwa muda.

MjukuuWaJoni: Mtoto huyo umpe heko, na insha yake iwe ndiyo mfano badala ya barua yako.

Msomaji22: Wapelekee barua yako pamoja na habari ya mwaka 1913, bila kuwaambia lolote, uwaachie walitafute kosa wenyewe. Kisha kiri kabla ya wazazi kuja, wala si baadaye.

MwalimuWaSita: Nitalifikiria. Tatizo ni kwamba fremu nimekwisha kuilipia.