Sembène alipataje fedha bila kuiacha lugha yake?

Mtunzi wa Pangani anauliza:
Habari zenu, ndugu zangu. Nimemaliza mswada wa filamu kuhusu wavuvi wa kwetu, na mfadhili mmoja wa nje yuko tayari kuuchangia, lakini kwa sharti kwamba wahusika wazungumze Kiingereza. Nimekuwa nikisoma habari za Ousmane Sembène wa Senegal, mtoto wa mvuvi wa Ziguinchor aliyefanya kazi ya ukuli katika bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi na kisha mwongozaji. Je, yeye alipobanwa hivi kuhusu lugha, alifanya nini?

Bi Mhariri:
Hongera kwa kumaliza mswada, mdogo wangu. Sembène hakuipata lugha yake mara moja. Alikwisha kuwa mwandishi mwenye jina alipotambua kwamba watu aliowaandikia hawawezi kusoma riwaya za Kifaransa, na ndiyo sababu mwaka 1962, akikaribia miaka 40, alikwenda Moscow kujifunza kazi ya filamu kwa Mark Donskoy. Hata hivyo, mwendesha mkokoteni wa filamu yake fupi ya mwaka 1963, Borom Sarret, anasikika akisema Kifaransa.

La Noire de... ya mwaka 1966 huniumiza zaidi. Diouana, mtumishi wa ndani aliyechukuliwa kutoka Dakar hadi Antibes, hawezi kujieleza mbele ya waajiri wake, lakini mawazo yake tunayasikia kwa Kifaransa fasaha, tena kwa sauti ya mwigizaji mwingine, Toto Bissainthe wa Haiti, wakati uso tunaouona ni wa Mbissine Thérèse Diop. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Jean Vigo, na inastahili, lakini kila ninapoitazama najiuliza Diouana angesema nini kwa Kiwolofu, lugha ya kwao Senegal.

Msomaji wa Mikindani:
Ninakubaliana na Bi Mhariri, nami nitaendelea alipoishia. Mwaka 1968 sehemu ya fedha za Mandabi ilitoka Ufaransa, kwa hiyo Sembène alipiga filamu ileile kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiwolofu, na ya Kiwolofu ndiyo iliyobaki mioyoni mwa watu. Usiige njia hiyo, kaka, kwa maana utawachosha waigizaji na kumaliza fedha kabla ya kufika nusu ya kazi. La kuiga ni kwamba hakuachia toleo la wenye fedha liwe ndilo pekee.

Ujue pia kwamba kushinda kwa wafadhili si mwisho wa safari. Ceddo ya mwaka 1977 ilipigwa marufuku nyumbani kwake, na sababu iliyotolewa ni kwamba neno hilo liandikwe kwa d moja badala ya mbili. Filamu ndefu iliyofuata, Camp de Thiaroye, ilitoka mwaka 1988, baada ya miaka 11. Hiyo inahusu askari wa Kiafrika waliouawa na jeshi la Ufaransa mwaka 1944 kwa kudai malipo yao, na fedha zake zilitoka Senegal, Algeria na Tunisia. Kwangu mimi hilo ndilo jibu lako kubwa: alipojua kwamba mlango fulani haufai kwa hadithi ile, alibisha kwa majirani.

Mtunzi wa Pangani:
Nawashukuru sana, dada na kaka. Sikuwahi kufikiria habari ya sauti ya Diouana, na sasa nahodha wangu siwezi kumwazisha kwa Kiingereza. Wiki hii nitampelekea mfadhili mazungumzo yote kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri itakayosomeka chini ya picha. Akikataa, nitaanza na sehemu ya usiku baharini, ambayo inahitaji ngalawa moja, karabai na watu wawili tu.